Siku moja maishani mwangu: Ijumaa, na kesho ni mdahalo

Saa 11 alfajiri

Umeme umekatika tangu jana usiku. Nawasha makala (makaa) kwenye mbabula, jiko letu dogo, nje ya mlango wa jikoni, natenga birika, nakaa kando yake na daftari mapajani. Hapa Lubumbashi, Kongo, mvua za Novemba zimeshaanza, na asubuhi udongo unanukia. Huu ndio muda pekee wa siku ambao simu yangu hailii.

Kesho shule 9 zinakutana. Kila shule inaleta timu 2, kila timu watoto 3, jumla watoto 54 kutoka Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba. (Kenya ni komini ya mji wetu, ndugu wa Nairobi wasishtuke.) Tunafuata mtindo unaoitwa Karl Popper, jina la mwanafalsafa aliyezaliwa Vienna mwaka 1902, aliyefundisha kwamba wazo sharti likubali kujaribiwa. Watatu wanaunga mkono mada, watatu wanaipinga. Msemaji wa kwanza wa kila upande ana dakika 6, wengine dakika 5 kila mmoja, na katikati kuna vipindi vinne vya maswali, dakika 3 kila kimoja. Ongeza dakika 8 ambazo kila timu inapewa kushauriana. Mdahalo mmoja unakula saa nzima. Raundi 3 na fainali, basi siku imekwisha, na kabla ya jua kuzama lazima kila msichana awe amefika kwao.

Natia majani kwenye birika. Mada ya kesho nimeiandika kwa Kifaransa, kama kawaida. Chini yake, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi hii, naiandika kwa Kiswahili: *Asilimia 10 ya vizazi vijavyo itumike leo kulipia masomo ya sekondari.*

Nieleze. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au utawala wa chifu ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, kwa sababu siku moja shaba na kobalti vitakwisha. Shule ya msingi ya umma ilifanywa ya bure mwaka 2019, lakini sekondari bado mzazi analipa. Mada hii tuliiokota vinywani mwa watoto wenyewe. Walikuwa wanaibishania kwenye bisi.

Saa 1 asubuhi

Napanda manseba kwenda Kenya. Manseba ni mjomba, ndugu wa mama. Hivyo ndivyo tunavyowaita vijana wa pikipiki hapa, na wa leo anaendesha taratibu kama mjomba kweli. Mbele yetu bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na ubavuni mwake ule mlima mweusi wa masalio ya shaba. Watoto wangu wote wamekua wakiuona.

Kwenye geti la shule kuna mistari miwili. Wenye risiti wanaingia. Wasio na risiti wamesimama ukutani na mabegi yao mgongoni. Katika hao namwona msemaji wangu wa pili, msichana wa miaka 16, mrefu, sweta imechanika kiwiko. Anainamisha macho.

"Mama Kordo, banatufukuza juu ya minerval."

Kordo ni mimi, kordonatrisi, yaani mratibu wa shirika letu la midahalo; minerval ni karo. Nimemshika bega tu, sikusema kitu, kwa sababu sikuwa na la kusema. Shirika letu halilipi karo. Tungeilipia moja, asubuhi inayofuata wangekuwa mia mlangoni, nao wote wangekuwa na haki. Uamuzi huo niliupitisha mwenyewe kwenye kikao na bado ninausimamia, lakini siku kama hii unaniuma tumboni.

Saa 2 asubuhi

Ofisini kwa prefe, mkuu wa shule. Ni mzee wa heshima, amefundisha Kifaransa miaka mingi, na ndiye anayetupa madarasa bila kudai faranga hata moja. Naanza na salamu, nauliza habari za nyumbani, habari za mguu wake. Halafu nasema mambo mawili.

La kwanza, yule msichana. "Mama Kordo," ananijibu, "aliye nje ya darasa hawezi kuiwakilisha shule. Nikiruhusu, nitawaambia nini waliolipa?" Tunakubaliana: mama yake akija leo kabla ya jioni kutia saini ya kulipa kwa vipandevipande, mtoto atasimama kesho.

La pili ndilo gumu. Nataka raundi ya kwanza iwe ya Kiswahili.

Anavua miwani. "Wazazi wanauza mpaka redio ili mtoto aseme Kifaransa. Wewe unataka nimrudishe kwenye lugha ya soko?"

Sikumbishia papo hapo, maana ana haki ya kuuliza. Mtihani wa serikali ni wa Kifaransa, kazi za ofisini ni za Kifaransa. Nami nimesema Kifaransa maisha yangu yote ya shule na sikijutii. Nikamwambia tu: "Papa Prefe, leo saa 9 tuna mazoezi hapa kwako. Pita dakika tano usikilize, halafu uamue." Akarudisha miwani, akaitikia kwa kichwa.

Saa 4 asubuhi

Ofisi yetu ni chumba kimoja Kamalondo. Katibu amekuja na kompyuta iliyochajiwa kwa jirani mwenye jenereta. Barua ya mfadhili mmoja inasubiri jibu tangu Jumatatu. Anauliza kwa nini mdahalo, wakati vijana wa mitaa maskini wanahitaji ufundi na mitaji.

Swali hili nimelijibu mara nyingi, lakini leo nimelijibu kwa urefu. Nikamweleza habari za Atlanta, Marekani, mwaka 1985, ambako watu wa Chuo Kikuu cha Emory waliutoa mdahalo kwenye shule za wenye nacho wakaupeleka kwenye shule za umma za mjini, na mfano huo ukaenea hadi Chicago, Baltimore na kwingineko. Hawakungoja kwanza watoto washibe ndipo wafundishwe kusema. Nikamweleza na ya kwetu: mji huu ulianza mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, watu wakaletwa kutoka pande zote kuichimba, na kwa muda mrefu kazi yao ilikuwa kusikia amri. Mtoto wa mchimbaji anayejua kuuliza "ushahidi wako uko wapi?" ana ufundi mkononi. Anao siku ya kusaini mkataba wa kazi, na anao siku ya kura.

Barua ikaenda na mega zetu za mwisho za intaneti. Bado sijui itapokelewaje. Msaada wa muhula uliopita, wa mfadhili mwingine, ulichelewa miezi minne, na miezi hiyo yote katibu alifanya kazi bila mshahara na hakukosa siku hata moja. Naliandika hili hapa kwa sababu kwenye ripoti hakuna mahali pa kuliandika.

Kisha simu. Majaji 9 wanatosha kwa shida, kila chumba mmoja. Wengi ni wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanatoka kampasi ya Kasapa kwa nauli yao. Wawili hawapokei. Mkate, maji, chaki, karatasi. Mwenye saa ya kupimia dakika amesema ataileta.

Saa 7 mchana

Bukari (ugali wetu) na mboga za lengalenga, kipande cha samaki tomsoni, na kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi. Dakika kumi na tano.

Saa 8 mchana

Soko la Kenya, kwenye mstari wa wauza makala. Mama wa msichana ananitambua kabla sijamtambua mimi. Mikono yake myeusi hadi viwikoni, hivyo ananipa kiwiko nikishike. Namweleza. Anaacha mizigo kwa jirani yake, anafunga kitenge upya, tunaondoka pamoja. Njiani ananiambia zamu yake ya likelemba, mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, ni wiki mbili zijazo, na kwamba fedha hiyo alikuwa ameshaipangia bati la nyumba. Nyumba inavuja. Akanyamaza hatua kadhaa. "Bati litangoja," akasema.

Saa 9 alasiri

Mazoezi. Mama ameshatia saini, amekaa kwenye dawati la nyuma, mikono ameificha ndani ya kitenge.

Msichana anasimama kwa upande unaounga mkono. Anaanza kwa Kifaransa: waheshimiwa majaji, wapinzani wetu wapendwa, sentensi mbili nzuri za kukariri. Halafu kimya. Naona vidole vyake vinapekua karatasi, naona midomo inatafuta neno. Ana hoja kichwani, nalijua hilo, niliisikia juzi kwenye bisi. Dakika 5 ni nyingi mno kwa mtu aliyesimama kimya.

"Mwanangu," nikamwambia, "weka karatasi chini. Niambie mimi kwa Kiswahili."

Akaiweka. Akatazama dirishani, kisha akaanza:

"Kama mama yangu anapata likelemba leo, hawezi kuniambia: ile franga nakutunzia ya viatu mpaka utakuwa mukubwa, na leo niko naenda miguu chini. Banasema franga ni ya bana ba kesho. Bana ba kesho njo banani? Si njo sisi?"

Darasa zima likatulia. Kisha akaenda hoja kwa hoja: nani anafukuzwa, mwezi gani, anapoteza masomo gani, anaacha kabisa akiwa darasa gani. Hakutumia karatasi. Kijana wa upande wa pili alikuwa ameshasimama, hawezi kungoja zamu yake:

"Shaba haiko mahindi! Ukishaivuna haioti tena. Tukikula yote, mutoto wako atakuta shimo!"

Hapo ndipo mvua ikaja, ile ya ghafla, juu ya mabati. Ukimwona mtu anasema humsikii. Wakakusanyika wote sita mbele ya ubao, vichwa vimegusana, wakaendelea kubishana wakipaza sauti masikioni mwa wenzao, wakiandika takwimu kwa chaki: 50, 25, 15, 10. Msichana akaizungushia 10 duara. Kijana akalifuta. Msichana akalichora tena.

Mvua ilipopungua nikageuka, nikamwona prefe amesimama mlangoni, mabega yamelowa. Sijui alifika saa ngapi. Akaingia hatua mbili, akamuuliza msichana, kwa Kiswahili:

"Na mutoto wako? Kama mumemaliza ile ya kumi, ye atapata nini?"

Msichana akanitazama. Sikumsaidia. Akageuka kwa prefe, mikono nyuma, kama wanavyofanya mbele ya wakubwa.

"Papa Prefe, mutoto wangu atapata mama mwenye alisoma."

Kule nyuma mama yake alitoa mikono kwenye kitenge, akaifunika uso.

Prefe hakusema neno, akaondoka. Tukabaki kufanya kazi niipendayo kuliko zote: kubeba hoja ile ile, mfupa kwa mfupa, kuipeleka kwenye Kifaransa. Safari hii hakuna aliyetafuta la kusema. Walitafuta namna ya kulisema tu. Tulibishana robo saa nzima juu ya likelemba, tuitafsiri au tuiache. Tukaiacha. Jaji yeyote wa mji huu anaijua. Alipoisema mara ya tatu, kwa Kifaransa chenye makosa mawili, sauti yake ilikuwa ile ile ya Kiswahili.

Kwa miaka tumekuwa tukiwapa alama watoto wanaosema vizuri na tukidhani tunawapa alama wanaofikiri vizuri. Mimi nimekuwa jaji mara nyingi. Nimewakata alama watoto waliokaa kimya kama huyu, na nyuso zao nilizikumbuka leo, moja baada ya nyingine. Mji huu ulikuwa na Mufwankolo na kundi lake, watu waliosimama jukwaani na redioni wakaisema hali yetu kwa Kiswahili chetu, na hakuna aliyewauliza kwa nini wanatumia lugha ya soko.

Saa 12 jioni

Namsindikiza msichana na mama yake hadi njia panda. Matope. Wanagawana viatu vya plastiki, kimoja kimoja, kupita penye maji. Sikujua kama nicheke nao au niangalie pembeni. Nikacheka nao, maana wao ndio walioanza.

Saa 2 usiku

Nyumbani. Mume wangu amepika, watoto wameshakula. Majaji wawili waliokuwa hawapokei wamepiga: mmoja atakuja, mwingine ana homa. Nampigia mwalimu wa zamani wa hesabu, jirani yangu. Amekubali, kwa sharti nimweleze kanuni leo leo. Nikamweleza ukutani, dakika arobaini, kwa mwanga wa tochi.

Saa 4 usiku

Ujumbe wa prefe: "Raundi ya kwanza tu. Na mimi niwe jaji katika chumba kimoja."

Nikausoma mara mbili, nikampelekea katibu. Akanijibu kwa alama za mshangao tu, mstari mzima.

Saa 5 usiku na dakika 20

Umeme umerudi. Mtaa mzima umepiga kelele, kama kawaida. Naruka kitandani, nawasha kompyuta na printa kabla haujabadili mawazo. Nafungua karatasi ya mada. Asubuhi niliandika Kifaransa juu na Kiswahili chini. Nahamisha Kiswahili juu. Nakala 70. Ya kwanza inatoka ya moto, wino umefifia kidogo pembeni, lakini inasomeka.