Fila geji ilivyonidanganya kwenye plagi

Wiki tatu nzima nilikuwa nahangaika na katrekta kangu ka bustani, kale ka zamani kenye Briggs & Stratton ya silinda moja. Asubuhi linawaka kwa shida, ukishakata nyasi nusu saa ukalizima basi, halitaki tena mpaka lipoe. Nikafungua kabureta mara mbili, nikabadilisha mpira wa mafuta, nikamwaga petroli yote nikaweka mpya, wapi. Plagi nilishaipima gepu, ule uwazi kati ya ncha zake mbili ambao cheche inauruka, mwanzoni kabisa kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia uwazi, ikasoma 0.030 ya inchi, yaani milimita 0.76, ndo kipimo chake, kwa hiyo nikaivua kwenye orodha ya washukiwa. Kosa langu hilo.

Plagi ikitumika sana ile ncha inayopinda juu inalika upande wa ndani, inakuwa na kabonde. Sasa fila geji ni bapa, inakaa kwenye kingo za kabonde wala haigusi chini, inakuambia gepu ni sawa kumbe cheche inaruka umbali mkubwa zaidi. Nilipopata geji ya waya wa mviringo, waya wa 0.030 ukapita bila kugusa, wa 0.035 nao ukapita!! Nikabaki naiangalia tu.

Na hizi injini za magneto, zinazotengeneza umeme wa cheche zenyewe kwa sumaku bila betri, hazina msamaha kwenye gepu kubwa, maana umeme wake unategemea flaiwili, lile gurudumu zito la injini, inazunguka kasi gani, na wakati wa kuwasha inazunguka polepole, koili nayo ikipata moto nguvu inapungua. Ndo maana ile staili ya kuitoa plagi, kuigusisha kwenye bodi na kuvuta kamba uone cheche, haikwambii kila kitu, nje hakuna kompresheni, ule mgandamizo wa ndani ya silinda, ndani cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka gepu lilelile.

Nikanunua mpya, na hata mpya nikaipima, usiiamini ya kwenye boksi, plagi moja inaingia kwenye injini nyingi zenye vipimo tofauti. Injini za Kohler aina ya K kwa mfano, zile zinazopata cheche kwa koili na betri badala ya magneto, zinataka 0.035. Kupunguza gepu unagonga ile ncha taratibu kwenye kitu kigumu, kuongeza unaivuta kwa kile kindoano cha geji. Unapinda ile ya pembeni TU. Usichokonoe ya katikati, kile kigae cheupe kinapasuka ufa hata huuoni halafu cheche inapitia humo, utatukana injini bure. Waya wa kipimo chako upite kwa kukwaruza kidogo, unaofuata kwa ukubwa usipite, basi. Kuirudisha anza kwa mkono mpaka ikae, spana mwishoni, hasa kama hedi ni ya aluminiamu.

La kwangu likawaka mvuto wa pili, likiwa la moto pia. Ile ya zamani sijaisafisha, na kuipiga mchanga ndo kabisa hapana, punje zinabaki ndani zinaenda kukwaruza silinda.

Kama lako bado linagoma na gepu umepima kwa waya, acha plagi, nenda kwenye pointi chini ya flaiwili kama injini yako inazo, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke, kwenye Briggs hizo ni 0.020 na hapo fila geji bapa inafaa, ila kama pointi zenyewe zimeshatoboka vishimo itakudanganya vilevile.