Okidi ya Uholanzi ikifika Tabata

Nyumbani wakisikia mtu yuko Uholanzi anafanya kazi ya maua, wanamwona amesimama bustanini anatabasamu. Ukweli ni kwamba na mimi nabeba boksi kama Wabongo wengine, ila la kwangu lina okidi ndani. Nipo kwenye kitalu nyumba huko Westland, karibu na The Hague. Vioo mpaka macho yanachoka. Miche inapita kwenye mkanda, kamera inaipiga picha, mashine inaipanga, na sisi tunamalizia yale ambayo mashine bado haijayaweza.

Ndiyo maana nikirudi Dar likizo ya Desemba, simu za mashangazi na mama wadogo hazikatiki. Malalamiko ni yale yale: ilikuja na maua, yakadondoka, sasa ni majani tu. Wengine walinunua ya bluu, ikachanua tena nyeupe, wakaanza kumwangalia jirani kwa jicho la pembeni. Jirani hana kosa. Ile bluu ni rangi iliyodungwa kwenye bua kabla ya kuuzwa, na maua yanayofuata hurudi kwenye weupe wake.

Maelekezo ya kwenye lebo yameandikwa kwa ajili ya dirisha la Ulaya, na hapo ndipo watu wa Dar wanapopotezwa. Hii okidi inayouzwa sana, falenopsisi, asili yake ni nchi za joto za Asia kama Ufilipino na Indonesia. Huku joto tunalinunua: tunaikuza kwenye nyuzi 28 hivi, kisha tunaishusha hadi 19 au 20 ili itoe bua la maua. Dar joto mnalo bure, mnachokosa ni huo ubaridi. Mnaupata kipupwe tu, Juni mpaka Agosti, usiku unapopoa. Kwa hiyo okidi ikikaa na majani matupu kuanzia Januari hadi Mei, haijafa wala haijarogwa. Inakua. Ila ukiifungia sebuleni madirisha yamebanwa, hata kile kibaridi cha Julai hakiifikii.

Ya mama mdogo wa Tabata niliikuta juu ya kabati la TV, imekalia kitambaa cha kudarizi, ndani ya chungu cha kauri kisicho na tundu hata moja. Kila jioni anaipa maji glasi nzima. "Mwanangu, mimi siinyimi kitu," akaniambia. Hakika hakuinyima. Nilipoichomoa, chini kulikuwa na maji yananuka, na katikati ya mizizi kulikuwa na donge la kuvumwani, ule mmea laini unaonyonya maji kama sponji, ambalo miche hii huanzia maisha yake kitaluni. Lile donge hushika maji muda mrefu baada ya magome ya miti yaliyojazwa juu yake kukauka. Ukigusa juu unasema imekauka, kumbe katikati ni kinamasi.

Mizizi ndiyo inayosema kweli. Mzizi mzima ni mgumu ukiubonyeza. Ukiwa mkavu ni wa kijivu kama fedha, ukilowa unageuka kijani palepale. Uliooza ni wa kahawia, unateleza, na ukiuvuta ganda linabaki mkononi na uzi mwembamba ndani. Hiyo yote ikatwe. Mkasi upitishe kwanza kwenye moto au uufute kwa spiriti. Palipokatwa paka unga wa mdalasini kidogo, ila usiimwagie mizizi mizima, maana unaikausha.

Jirani mmoja akaja na udongo mweusi na samadi, kwa moyo safi kabisa. Nikamshukuru, nikamwambia avipeleke kwenye mchicha. Okidi hii kwao hushikilia gome la mti, mizizi ikipigwa na upepo. Si kupe, hainyonyi mti. Inataka tu mahali pa kushika na hewa. Ukiizika kwenye udongo umeiziba pumzi. Magome ya Ulaya hayana haja. Muuza mkaa wa mtaani alitupatia chenga za mkaa kwa bei ya bure, tukachagua vipande vinavyolingana na dole gumba, tukavichanganya na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Makumbi yalowekwe siku moja au mbili na maji yabadilishwe, maana huja na chumvi na rangi yake ya chai. Kikopo tulitumia cha plastiki kinachoonyesha ndani, tukakitoboa chini na ubavuni kwa msumari uliochomwa moto. Kisiwe kikubwa, kitoshe mizizi tu. Mizizi inayoning'inia nje iacheni ining'inie.

Maji tukayasimamisha siku chache ili vidonda vikauke. Baada ya hapo, mwagilia asubuhi, yachuruzike yote, na ngoja mizizi irudi kijivu ndipo urudie. Maji yasituame katikati ya majani, yanaozesha moyo wa mmea. Maji ya kisima ya Dar mengi yana chumvi, na okidi haiipendi. Ya mvua ndiyo mazuri kuliko yote. Mbolea nyepesi mno, baada ya mwezi hivi. Ikae kibarazani penye jua la asubuhi tu, na masika ifichwe na mvua na konokono.

Kuna waliotaka niwabebee miche kwenye begi. Hapana jamani. Mmea hai unataka vibali na cheti cha afya ya mimea, na sina hamu ya kujieleza uwanja wa ndege. Na yule atakayekuletea okidi iliyong'olewa porini, mkatalie. Tumeweka hadi hifadhi nzima, Kitulo, tangu 2005, na okidi ni sehemu kubwa ya sababu. Halafu tuje kuning'iniza za wizi barazani?

Juni hii mama mdogo amenitumia picha, imefuatwa na sauti ya vigelegele: bua limetoka! Nikaikuza picha. Bua la maua ncha yake ni bapa, imejikunja kidogo, na hupenda kuelekea juu. Hii ilikuwa ya mviringo, laini, inang'aa kijani. Nikamjibu, "Shikamoo mama mdogo. Huo ni mzizi."

Hajanijibu mpaka leo, ila naona amesoma.