Viraka Nyumbani na Safarini

Wiki hii nimefumua safu nzima ya mfarishi (blanketi la viraka) ninaomshonea binti yangu, kwa kuwa nilipoilaza mezani na kuipima niliikuta imepungua zaidi ya sentimita 2. Kila mshono ulipaswa kuchukua robo inchi, yaani takriban milimita 6, ya ukingo wa kiraka. Nilikuwa nikizidisha milimita 1 tu, lakini safu ya viraka 12 ina mishono 11, na kila mshono hula pande mbili, hivyo kosa hilo dogo likafika milimita 22. Nimeishona upya polepole, nikipiga pasi kila mshono.

Tunaposafiri na familia sibebi cherehani. Hubeba kopo lenye sindano, uzi na karatasi ngumu za pembe sita, ambazo huzifunika kwa kitambaa, nikakunja kingo na kuzipiga bandi (mishono mirefu ya kushikiza kwa muda), kisha nikaunganisha viraka kwa mkono, ukingo kwa ukingo. Gari likiyumba, mimi hutulia kwanza. Mwanangu mdogo ndiye mchaguzi wa rangi (na ana jicho zuri kunishinda). Kiraka cha buluu alichonipa juzi kimetoka kwenye shati lake la zamani, na alama ya mfuko bado inaonekana.