Siku moja maishani mwangu: fundi wa nguo za jukwaani, Bagamoyo

Saa 11 na nusu alfajiri naamka, naswali, nabandika chai. Saa 1 nimefungua kibanda. Hadi saa 4 nimeshapunguza suruali mbili na kutia zipu sare ya shule, maana hizo ndizo zinazolipa kodi.

Baada ya hapo nashika kazi ninayoipenda. Kuna kikundi kinaandaa Much Ado About Nothing, tamthilia ya Shakespeare, kwa Kiswahili. Mji ni Messina, kisiwani Sicily. Hero ni binti wa gavana, Beatrice ni binamu yake. Beatrice ana mdomo, hakuna mwanaume anayemshinda kwa maneno. Hero, onyesho zima la kwanza, anatamka sentensi moja tu.

Beatrice nimemchagulia kanga yenye jina: "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu." Inamfaa, kwa sababu mwenyewe anadokeza kwamba Benedick, yule askari wanayerushiana maneno, aliwahi kuuchukua moyo wake kwa hila. Hero nimemtafutia kisutu, chekundu, cheusi na cheupe, kisicho na jina.

Saa 5 akaingia msimamizi wao. Hata hakukaa.

"Dada fundi, hawa ndugu, na mle ndani kuna harusi. Washonee sare, tumalize."

Nikamwambia, kaka yangu, ukiwavisha sare umewafanya mtu mmoja. Akasema Hero hana maneno, avae chochote. Hapo nilitoa pini mdomoni nikaziweka mezani. Huyu msichana asiye na maneno ndiye anayesingiziwa uchafu na bwana harusi wake, Claudio, mbele ya padri na wageni, akaanguka akazimia. Ni kwa ajili yake Beatrice anaacha mzaha na kumwambia Benedick amuue Claudio. Bila kimya cha Hero, ulimi wa Beatrice ungebaki wa kuchekesha tu. Enzi za Shakespeare wavulana ndio walioigiza wanawake Uingereza. Nguo ilibeba mzigo mkubwa, na mpaka leo aliyekaa nyuma huona nguo kabla hajasikia neno.

Akapokea simu. Akatoka, akarudi: sare. Akatoka tena, akarudi na mwenzake: sare. Adhuhuri ikapita tukiwa palepale, umeme nao ukakatika. Cherehani changu ni cha kukanyaga, lakini pasi ikabidi niwashe mkaa, na joto la kibanda unalijua. Mgongo ukaanza kuwaka. Mwishowe nikamwambia: kisutu kinauzwa doti, vipande viwili. Kimoja atavaa Hero. Cha pili Beatrice atajitanda siku ya harusi tu, juu ya kanga yake. Akakubali shingo upande.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipofika mazoezini. Jua lilikuwa limeshazama. Nilikaa sakafuni nikipinda pindo la mmoja wa wageni wa harusi. Claudio akatoa shutuma zake, Hero akaanguka. Yule binti anayeigiza Beatrice, wala hakuna aliyemwagiza, akajivua kisutu begani akamfunika mwenzake. Akasimama amebaki na kanga yake yenye jina, machozi yanamtoka.

Msimamizi alinigeukia, akanyamaza. Kile kisutu kilikuwa kimechanika ukingoni aliponasa kidole. Nikakikunja, nikakitia mfukoni nikashone nyumbani.