Ukishaitoa theluji kwako, imeenda kwa nani?

Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi na moja naanza kupata meseji za watu wetu waliofika hapa Buffalo, jimbo la New York, Marekani, juzijuzi, wengi wametokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania, wengine Nakivale ya Uganda, wengine wamekuja tu kivyao kutoka Dar au Nairobi, na swali ni lilelile, hii theluji naitoaje. Mi huwa nawaambia kutoa utaweza, mtu aliyeshika jembe tangu mtoto hashindwi na beleshi, ila kabla hujaanza kuchota nambie kwanza unaipeleka wapi. Manake theluji haipotei jamani. Ukiitoa mlangoni kwako lazima itue mahali, na hii mitaa yetu ya West Side nyumba zilivyobanana, hapo mahali mara nyingi ni kwa jirani, au ni barabarani, au ni pale mama mwenye kigari cha mtoto alikuwa anataka apite.

Tuanze na inakotoka, itakusaidia kupanga. Sisi tuko mwisho wa Ziwa Erie upande wa mashariki. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili maji ya ziwa bado hayajapoa sawasawa, alafu unakuja upepo wa baridi kali unapita juu ya ziwa kwa urefu wake wote, zaidi ya kilomita 380, unanyonya unyevu njia nzima, ukigusa nchi kavu unamwaga. Na haumwagi kila mahali, unamwaga kwenye mkanda mwembamba, ndo maana unaweza ukawa kwako jua linawaka na mwenzako wa Orchard Park au Hamburg, mwendo mfupi tu wa gari, haoni hata nyumba ya mbele yake. Novemba 2014 sehemu za kusini zilipata karibu futi 7 wakati watu wa kaskazini ya mji walipata inchi chache tu. Novemba 2022 Orchard Park ikapigwa kama inchi 80, yaani mita mbili, mpaka mechi ya Bills, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, ikahamishiwa Detroit. Kwahiyo ukisikia "theluji inakuja Buffalo" usiishie hapo, angalia mkanda unaelekea upande gani, na angalia usiku, manake upepo ukigeuka kidogo tu mkanda nao unahama.

Alafu uzito. Watu wanaiona nyeupe inaelea wanadhani nyepesi. Chukua njia ya gari ya upana wa mita 3 na urefu wa mita 15, theluji ya sentimita 30, hizo ni mita za ujazo 13 na nusu. Ikiwa kavu, ile ya baridi kali, ni kama kilo 100 kwa kila mita ya ujazo, jumla tani moja na zaidi. Ikiwa ile mbichi yenye maji inaweza kufika kilo 300, hapo unaongelea tani nne, na zote zinapita mgongoni kwako. Ndo maana siku ya dhoruba usisubiri iache. Toka kila ikifika inchi nne tano, sukuma badala ya kunyanyua, rudi ndani unywe chai, toka tena. Ile mbichi inang'ang'ania kwenye beleshi kama ugali kwenye mwiko, pakaza mshumaa au mafuta kidogo ya kupikia kwenye bati la beleshi na utaona inavyoteleza. Na wazee, na yeyote mwenye presha au moyo, nawaomba sana msishike beleshi kabisa. Baridi inabana mishipa, kazi inaupandisha moyo mbio, vikikutana hivyo viwili mtu anaanguka palepale kwenye theluji, na kila mwaka wanakufa watu hivo.

Sasa nije kwenye yenyewe. Nyumba nyingi za huku ni za ghorofa, familia moja juu familia nyingine chini, na kati ya nyumba na nyumba kuna kinjia kimoja cha gari ambacho mara nyingi mnatumia majirani wawili. Upana wake ni gari moja tu na vioo vya pembeni ukivikunja. Theluji ikijaa humo hakuna kushoto wala kulia, kushoto ni ukuta wako kulia ni ukuta wake. Na hapa ndo ugomvi wote unapozaliwa, manake aliyewahi kuamka anachota anabandika kwenye ukuta wa mwenzake, anaondoka zake kazini anaona amemaliza. Ile theluji iliyolala ukutani siku joto likipanda kidogo inayeyuka, maji yanatafuta ufa, yanaingia bezimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, na bezimenti ya mtu huku ndo kuna hita, ndo kuna mashine ya kufulia, ndo kuna mabegi ya nguo alizokuja nazo. Na ukutani hapohapo kuna mita ya gesi, na kuna vile vibomba vyeupe vya plastiki vinavyotokeza kama kwenye usawa wa goti, vingine chini zaidi. Nenda kaviangalie asubuhi ya baridi, utaona mvuke unatoka taratibu na theluji iliyo karibu imeyeyuka imeacha kashimo. Hapo ndo hita ya nyumba inapumulia. Ukipaziba kwa theluji hita inaweza kuzima mkalala kwenye baridi, au mbaya zaidi hewa yake ikarudi ndani, ile kaboni monoksidi, haina harufu haina rangi, familia nzima inalala haiamki. Mi mtu akinambia ametupa theluji kwenye ukuta wa jirani "kidogo tu" siwezi kulichukulia dogo.

Kwetu tumekubaliana na jirani hivi: theluji yote inaenda nyuma, uani. Ni kazi zaidi ndio, unasukuma mwendo mrefu, lakini hakuna anayemzibia mwenzake. Na theluji ya kwanza kabisa ya msimu tunaipeleka mbali, mwisho wa ua kwenye fensi, hata kama ni inchi tatu na inaonekana ya kuchekesha, manake huku rundo haliishi mpaka mwezi wa tatu, kila dhoruba inaongeza juu yake, ukianza rundo lako karibu basi mwezi wa kwanza huna pa kutupa. Na wale mnaokaa juu na chini, pangeni zamu mapema kabla haijaanza kuanguka, kagrupu ka WhatsApp ka watu wanne kanatosha, na muulizeni mwenye nyumba au msome mkataba kazi hii ni ya nani. Msije mkaanza kuulizana saa kumi na moja alfajiri kila mtu amechelewa kazini.

Kuna greda pia. Greda la mji linapita linafungua barabara, alafu linaacha tuta refu gumu mdomoni mwa njia yako, umetoka kuisafisha sasahivi. Najua inauma. Lakini usichukue lile tuta ukalirudisha barabarani, kwanza sheria inakataza, pili linaganda usiku na anayekuja nyuma na gari anateleza nalo, tatu greda likirudi litakurudishia lilelile. Kuna mbinu. Simama kwenye njia yako uangalie barabara. Greda litatokea kushoto kwako, linamwaga theluji upande wake wa kulia, yaani upande wako. Kwahiyo safisha eneo la hatua chache ukingoni mwa barabara hapo kushoto, kabla ya mdomo wa njia yako, na theluji yote unayochota wewe ipeleke kulia. Greda likifika litamwaga mzigo wake kwenye ile nafasi uliyoiacha, na mdomoni kwako litapita na kidogo. Haimalizi yote ila inapunguza sana. Angalia tu hiyo nafasi isiwe mbele ya njia ya jirani.

Njia ya miguu ndo inanigusa kuliko yote. Hapa mjini mwenye nyumba anatakiwa awe ameisafisha kabla ya saa tatu asubuhi, na kuna faini, lakini acha faini. Wengi wetu mwaka wa kwanza hatuna gari, tunaenda kazini kwa mguu na basi. Mtu mwenye gari lake ndani ya gereji haoni shida njia ya miguu ikibaki imejaa, kumbe kwa mwingine hapo ndo barabara yenyewe. Nimeona watoto wa shule wanatembea katikati ya barabara gizani, saa moja asubuhi, magari yanapita yanateleza pembeni yao, kisa nyumba mbili tatu mfululizo hazikusafisha. Nyumba moja ikiacha inatosha kumtoa mtu mwenye kiti cha magurudumu barabarani, manake yeye hawezi kuruka. Kwahiyo safisha upana wa kigari cha mtoto, sio kale kanjia ka beleshi moja. Na kama nyumba yako iko kona, malizia mpaka ule mteremko wa kuvukia, na usiweke rundo refu hapo kona, dereva anayekata hamuoni mtoto nyuma yake. Kama mbele ya nyumba yako kuna bomba la zimamoto lifukue pande zote, futi tatu hivi kila upande. Nyumba nyingi mtaani kwetu ni za mbao na zimekaa bega kwa bega, zimamoto wakipoteza dakika wanatafuta bomba chini ya theluji zinaungua zaidi ya moja.

Kuhusu mashine za kurusha theluji, nzuri sana ukiweza kununua, hata mkichanga majirani watatu. Ila geuza ule mdomo wake kabla hujawasha, inarusha mbali na inarusha na mawe, kioo cha gari la mtu hakina kosa. Ikikwama zima kabisa na utumie fimbo, kamwe sio mkono. Na kelele: huku kwetu nusu ya mtaa wanafanya zamu ya usiku viwandani, wanarudi alfajiri ndo wanalala, kwahiyo hakuna saa ambayo haimsumbui mtu, cha kufanya ni kuulizana. Jirani yangu wa nyuma nilimuuliza akasema saa tano asubuhi kwake ndo usingizi mzito, basi upande wake natumia beleshi.

Sasa wazee wanaoishi peke yao, nataka muelewe kwanini nasisitiza. Dhoruba ya Krismasi ya 2022, kuanzia tarehe 23 Desemba, hali ya kutoona mbele iliendelea saa 37, upepo ulivuma zaidi ya maili 70 kwa saa, uwanja wa ndege ulipima zaidi ya inchi 50 kwa siku nne. Wakafa zaidi ya watu 40 hapa Erie County, wilaya yetu. Wengine walikutwa kwenye magari, wengine nje wakitembea, wengine ndani ya nyumba zao zisizo na joto, wengine moyo ulisimama wakichota theluji. Ambulensi na magari ya zimamoto yenyewe yalikwama, unapiga 911, namba ya dharura, na hakuna wa kukufikia. Aliyeweza kukufikia ni wa mlango wa pili. Bibi mmoja mtaani kwetu, Mmarekani mweusi, yupo hapa tangu kabla ya ile dhoruba ya Januari 1977, ambayo upepo uliibeba theluji iliyokuwa imelala juu ya ziwa lililoganda ukaileta mjini, yeye ananambiaga mwaka ule nao ilikuwa hivohivo, watu waliokolewa na majirani.

Kwahiyo chukueni namba za simu za wazee wenu kabla ya msimu. Mpigie asubuhi, muulize kama hita inawaka na kama dawa zipo. Ukimsafishia, usiishie njia ya miguu, panda ngazi mpaka mlangoni, manake mlango wa nje wa nyumba nyingi unafungukia nje, theluji ikijaa pale hawezi kuusukuma akatoka. Muachie nafasi ya gari moja ukingoni kama ana nesi anayekuja. Na muulize kwanza chumvi, wengine wana mbwa na chumvi inaunguza miguu ya mbwa, wengine zege la ngazi zao limeanza kumomonyoka. Ikishuka chini ya nyuzi 9 hasi za Selsiasi ile chumvi ya kawaida karibu haifanyi kazi tena hata umwage ndoo, hapo mchanga unasaidia zaidi.

Na kabla joto halijarudi, kuna siku inakuja ghafla hata mwezi wa kwanza, tafuta tundu la mtaro wa maji lililo karibu na wewe ulifukue. Jua lilipo kabla theluji haijalifunika, pima kwa macho kutoka kwenye mti au nguzo ya umeme. Likiziba, maji ya mtaa mzima yanasimama kwenye nyumba iliyo chini kuliko zote, na usiku yanaganda. Likikushinda kwa barafu piga 311, namba ya huduma za mji, uwaambie ni kona gani.