Nilivyoacha kuandika "oppose" kila mahali

Ushauri mbovu kuliko wote niliopewa nikijifunza kutafsiri ulikuwa wa maneno machache: "counteract", "offset", "negate", yote ni kupinga tu, andika lolote. Niliuamini, na kila nilipotafsiri kwa Kiingereza nikashika "oppose". Kwa muda mrefu dawa katika tafsiri zangu zilikuwa zina-"oppose" sumu, kana kwamba zimeingia kikaoni na kunyoosha mkono kukataa hoja. "Oppose" kwa kawaida ni ya mwenye msimamo, kama chama kinachopinga muswada. Fizikia nayo hulitumia kwa nguvu mbili zinazoelekeana, lakini halikwambii kama athari imepungua, imeisha, au iko pale pale.

Nikaona dawa ya hilo ni jedwali: neno moja la Kiingereza, neno moja la Kiswahili, rangi nne za wino. "Neutralize" nikaipa zima, "nullify" batilisha, "mitigate" punguza makali, "counterbalance" sawazisha. Nikajiona mtunga kamusi. Kisha nikafika "offset": fidia. "Compensate": fidia. "Make up for": fidia. Mistari mitatu, neno moja. Kibaya zaidi, kwetu anayefidiwa kwanza ni mtu aliyeumia, kwa hiyo ukilisoma jedwali kinyumenyume, "kampuni iliwafidia wafanyakazi" inazaa "the company offset the workers", sentensi isiyo na kichwa wala miguu. Sahihi ni "compensated the workers for their injuries": mtu hufuata kitenzi moja kwa moja, hasara hukaa baada ya "for". Mtu akiondoka kabisa ikabaki "compensate for", hapo ndipo maana inakuwa kuziba pengo. Wino wangu ulipotea bure.

Kilichonitoa ni mashua. Moja tu, ya kwenye karatasi, na kila neno nililipa kazi ndani yake. Nalisema hili kwa majivuno.

Mkondo unaisukuma mashua kushoto, nahodha anaupeleka usukani ili chombo kielekee kulia kidogo. Hiyo ni "counteract". Mkondo haujakoma, umepata wa kukabiliana nao. Usukani ukilegea, kushoto mnarudi. Ndiyo maana neno hili linakaa vizuri na madhara ya dawa au mvutano wa dunia, vitu vinavyoendelea kufanya kazi hata vikikabiliwa. Usiliongezee "against". Ile "counter" yenyewe asili yake ni "contra" ya Kilatini, yaani dhidi ya, kwa hiyo "counteract against the current" ni kupinga mara mbili.

Sasa mashua inavuja. Ndoo kumi zinaingia kwa saa, ndoo kumi zinakumbwa na kumwagwa nje. Hiyo ni "offset". Tundu lipo, maji yanaingia kama kawaida, ila kinachoingia kimelingana na kinachotoka. Ukikumba sita, andika "partly offset". Zile nne zilizobaki ndizo zitakazokuzamisha. Neno hili linataka pande zote mbili zipimike kwa kipimo kimoja, na hapo ndipo wahasibu wanapolipendea: "Losses in one branch were offset by gains in another." Hewa ya ukaa vilevile: tani inayotolewa hapa, tani inayopunguzwa kwingine. "By" hutaja kinachofidia. "Against" huja pale kiasi kimoja kinapopelekwa kikakatwe kwenye kingine: "losses can be offset against profits". Wakati uliopita haubadiliki, ni "offset" tu. "Offsetted" niliiandika mimi, tena kwa kujiamini, kwenye kichwa cha habari.

Wapiga makasia wawili: wa kulia peke yake anaigeuza mashua kushoto, wa kushoto peke yake anaigeuza kulia. Wakivuta sawasawa, kugeuka hakupo. "The two effects cancel out." Lazima zilingane na jibu liwe sifuri, la sivyo neno limekosewa. Na hiyo "out" usiidondoshe, maana "cancel" tupu ni kufuta safari yenyewe.

Abiria wakijazana upande mmoja, unahamishia mzigo upande wa pili: "counterbalance". Hapa huondoi uzito, unaupa mwenzake. Lifti hufanya hivyohivyo. Uzani unaoning'inia upande wa pili wa kamba kwa kawaida hulingana na kibanda kitupu pamoja na asilimia 40 hadi 50 ya mzigo wake wa juu.

Upepo wa mbisho ukiwarudisha mlikotoka baada ya saa nzima ya makasia, ni "negate": jasho limetoka, faida hakuna. "Nullify" ni ndugu yake, ila huzoea zaidi sheria na mikataba.

Kupunguza tanga kabla ya dhoruba ni "mitigate". Dhoruba ile ile, makali yake kwenu yamepungua. Hapa pana shimo ambalo hata Waingereza wenyewe hutumbukia, jambo lililonifurahisha kupita kiasi: huandika "mitigate against" wakikusudia "militate against", kuwa kikwazo. La kwanza linatokana na Kilatini cha kulainisha, la pili na cha askari.

"Neutralize" ilikataa kupanda chomboni. Niliiacha nchi kavu na asidi na alkali, maana "neuter" ni si hiki wala kile. Tahadhari: katika lugha ya kijeshi, ku-"neutralize" mtu mara nyingi ni kumuua, basi usimwahidi mteja kwamba utawafanyia hivyo washindani wake.

"Undo" ndiyo iliyonitia aibu, kwa sababu tunayo ndani ya vitenzi vyetu: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua, tega, tegua. Ile -ua inakirudisha kitendo mwanzo, kama "un-" inavyofanya kwenye "untie" na "unfold". Siku hizi naanzia hapo. Jambo likisemeka kwa -ua, naandika "undo" au "reverse". Lisiposemeka, narudi kwenye mashua kuhesabu ndoo.