Manjano ya jikoni na manjano ya kidonge

Ayurveda, tiba ya jadi ya India, imetumia manjano tangu zamani kwa tumbo, ngozi na maungo yanayouma. Kipimo chake ni gramu 1 hadi 3 za unga kwa siku. Kidonge cha farmasi hapa Bukavu kina jina hilohilo, ila kilichomo ni kitu kingine kabisa.

Tupige hesabu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina kama gramu 3 za unga. Kurkumini, ile rangi inayosifiwa kuwa ndiyo dawa, ni karibu asilimia 3 yake, yaani miligramu 90. Kidonge cha miligramu 500 kilichoandikwa "95%" kina miligramu 475: sawa na vijiko vitano na zaidi. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali kurkumini kama rangi ya chakula kwa miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni 180. Kidonge kimoja tu kimeshapita mara mbili.

Halafu kuna pilipili manga. Kurkumini peke yake hupita tumboni bila kuingia sana kwenye damu. Watafiti wa India walionyesha mwaka 1998 kwamba miligramu 20 za piperini, ukali wa pilipili manga, ziliongeza kiasi kinachoingia mara 20. Ndiyo maana watengenezaji huichanganya. Lakini piperini hiyohiyo huchelewesha mwili kutoa dawa nyingine, na hilo kopo halilisemi.

Jikoni mambo ni rahisi zaidi. Kurkumini hupenda mafuta, na mafuta ya ngazi tunayo. Weka kijiko nusu cha unga kwenye mafuta ya moto wa wastani, koroga nusu dakika, kisha mimina maharagi au sombe, na pilipili manga kidogo mwishoni. Mafuta yakitoa moshi umechelewa: unga unageuka kahawia na chakula kinakuwa kichungu.

Nunua mizizi mizima kuliko unga. Unga wa sokoni huongezewa wanga, na Bangladesh ilikutwa kromati ya risasi imetiwa ili rangi iwake; sumu hiyo huumiza ubongo wa watoto. Chemsha mizizi dakika 45 hadi 60, mpaka kijiti kipenye bila kusukumwa. Ikitolewa mapema, katikati hubaki mbichi na haikauki sawasawa. Kata vipande vyembamba, vya milimita 2 au 3, uvianike juu ya mkeka ulioinuliwa kutoka chini. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kizuri. Msimu wa mvua Bukavu vipande hushika ukungu ndani kabla havijakauka nje. Hapo tumia moto mdogo wa mbabula, mbali na moshi. Kipande kilichokauka huvunjika kwa mlio, hakikunjiki. Kilo 5 mbichi hutoa karibu kilo 1 kavu. Unga uweke gizani, maana mwanga huua kurkumini.

Kwa magoti yanayouma, tafiti ndogo zimeonyesha nafuu. Malaria na kansa haviponi kwa manjano, na anayeuza hivyo anacheza na uhai wa watu.

Mama mjamzito abaki na ya kwenye sufuria tu. Vidonge havimfai mwenye mawe kwenye nyongo, anayetumia dawa ya kuyeyusha damu kama warfarini, wala anayekaribia kupasuliwa. Mgonjwa wa sukari amuulize daktari kwanza. Italia ilipata mwaka 2019 visa vya homa ya ini kwa watu waliokunywa vidonge vya manjano, na uchafu haukukutwa ndani yake. Kwa hiyo macho yakigeuka rangi ya njano au mkojo ukawa kama chai nzito, acha siku hiyohiyo, nenda kituo cha afya na kopo mkononi, ili muganga asome kilichoandikwa.